Siku nne za pwani kwa mtu wa ziwani

Nilipomwambia mwenzangu wa darasa, naye pia mtoto wa Bijombo, kwamba nakwenda pwani kwa siku nne, aliniuliza: "Unakimbia nini tena?" Hakuwa anatania sana. Kwetu milimani, juu ya Uvira, mtu akifunga mzigo huwa kuna sababu, na katika miaka hii sababu yenyewe mara nyingi imekuwa bunduki. Tumeshuka Uvira kwa kukimbia, wengine wamevuka Rusizi kwa kukimbia, na wapo ambao hawajapanda tena. Safari ya kwenda kutazama kuta za mawe, kula samaki na kurudi inaonekana kama anasa ya watu wengine. Nikamjibu: "Naenda kutembea tu." Akacheka, kwa sababu neno hilo tunalo kumbe, na maana yake ni ileile huku na kule: kwenda kwa watu bila shida yoyote, ukijua utarudi.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuipanga safari hiyo kwa mwanafunzi wa lugha anayetokea upande wetu wa ziwa. Nimechagua Bagamoyo na Unguja badala ya Mombasa, ingawa Mombasa ina Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ambayo ni kubwa kuliko zote nitakazozitaja. Sababu ni ya historia yetu wenyewe. Kiswahili kilichofika Uvira kilipanda kutoka Bagamoyo na Unguja, kikapita Tabora na Ujiji pamoja na misafara ya karne ya 19. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858, wakitafuta mto ambao ungetoka ziwani kwenda kaskazini, walikuja kwa njia ambayo wafanyabiashara na wapagazi walikuwa wameshaipitia. (Wenyeji wakawaambia kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wazungu waliendelea kubishana juu ya jambo hilo hadi Livingstone na Stanley walipokwenda kulitazama wenyewe mwishoni mwa mwaka 1871.) Kwa hiyo anayesafiri kutoka Uvira hadi Bagamoyo anarudi nyuma kwenye njia ya maneno yake.

Njia hiyo leo, mpaka ukiwa wazi na hali ikiruhusu, inapita Bujumbura, inashuka kusini kando ya ziwa kupitia Rumonge na Nyanza-Lac, inaingia Tanzania na kufika Kigoma. Kutoka Kigoma kuna mabasi, na kuna reli ya kati ambayo ilifika mji huo mwaka 1914. Treni ni ya polepole, lakini ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu asiye na haraka, maana ni zaidi ya kilomita 1,200 za kusikiliza watu wakizungumza. Kati ya Kigoma na Dar es Salaam utasikia lafudhi zikibadilika behewa lako likiwa lilelile. Siku za njiani usizihesabu katika zile nne. Chukua pasipoti yenye muda wa kutosha na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu msafiri anayetoka Kongo ataulizwa kadi hiyo. Na jambo dogo lililonigharimu: Tanzania iko mbele ya Uvira kwa saa moja. Simu yangu haikubadilisha saa nilipovuka mpaka, nami sikuwa na la kunikumbusha. Siku ya boti nilifika bandarini Dar es Salaam nikijisifu kwamba nimewahi, nikaikuta boti imeshakuwa doa jeupe majini.

Kabla ya kuchagua tarehe, tazama mwezi. Hapa ndipo mtu wa ziwani anapokosea kuliko popote, na kosa linaanzia kwenye msamiati. Neno pwani lina ndani yake kitenzi kupwa, yaani maji kupungua na kurudi nyuma, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Pwani ni mahali panapopwa. Ziwa Tanganyika halipwi. Hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka. Wakazi wa Uvira na Bujumbura wanajua jinsi lilivyopanda katika miaka ya karibuni hadi likaingia majumbani. Lakini halifanyi hivyo mara mbili kwa siku. Ndiyo maana sisi tukienda kuoga husema tunakwenda "ku ziwa", au "ku plage" kwa wanaopenda Kifaransa, na neno pwani tunalijua kutoka vitabuni tu. Tunalisoma kama jina la mahali. Kule ni jina la tendo.

Basi tendo lenyewe ni hili. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu huwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Unguja tofauti kati ya juu na chini inaweza kufika mita 4 hivi. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Huhitaji programu ya simu kulijua hili. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa katika duka lolote inatosha, kwa sababu miezi yake ni ya mwandamo: tarehe za mwanzo na zile za 15 hadi 17 ni za bamvua, tarehe za 8 na 22 na zinazozifuata ni za maji mafu. Katika siku za bamvua maji ya Unguja huwa yamepwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa alasiri. Mtu asiyejua hilo atafika Jambiani saa nne na taulo begani, atakuta bahari imekwenda zake hadi kwenye mwamba wa matumbawe, na mbele yake ni mchanga, majani na vidimbwi. Nilimkuta kijana mmoja mgeni amekaa chini ya mnazi, amekasirika kama aliyeibiwa.

Lakini usiseme siku imeharibika. Kupwa kwa bamvua ndiko kunakowatoa wanawake kwenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndiko kunakowatoa watu kwenda kutafuta pweza miambani. Mwanafunzi wa lugha atapata hapo msamiati ambao hatausikia darasani. Vaa viatu vya plastiki, uliza kabla ya kupiga picha, na usikanyage kamba za mwani. Anayetaka kuogelea tu, bila elimu, apange maji mafu, au aende kaskazini, Nungwi na Kendwa, ambako maji hayaendi mbali sana. Daladala za Nungwi ni namba 116, za Jambiani ni 309, na zote hupatikana mjini.

Upepo nao una kalenda yake. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi, joto likiwa kali. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Masika, kati ya Machi na Mei, si wakati wa kwenda. Mimi nilikwenda Julai, kusi ikiwa imeshika, na mtu wa Bijombo aliyezoea baridi ya milima hana la kulalamika, ingawa upande wa mashariki, Paje na Jambiani, upepo haukuachi ukae kimya. Ramadhani ikiangukia katika tarehe zako, elewa kwamba mchana migahawa mingi hufungwa na mji unaanza kula magharibi. Wapo wanaoiona kuwa ndiyo nyakati bora ya kula Unguja, mradi mchana uwe na subira na heshima.

Siku ya kwanza nenda Bagamoyo, kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam. Usikimbilie ufukweni. Anza Kaole, magofu yaliyo kusini kidogo ya mji, ambako kuna msikiti unaotajwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo za mawe. Kisha rudi mjini kwa miguu utazame majengo mawili yaliyo karibu karibu: Ngome Kongwe, iliyojengwa kama nyumba ya mawe ya Mwarabu wa Omani mnamo miaka ya 1860, na Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Na jina la mji wenyewe usiache kuliuliza. Wengi hulitoa katika "bwaga moyo", na hapo mjadala huanza. Waongozaji wa watalii hupenda tafsiri ya huzuni, mtumwa anauacha moyo wake hapa kabla ya kuvushwa bahari. Wanahistoria wengine hupendelea ya wapagazi, ambao walifika baada ya miezi ya kubeba pembe wakautua moyo pamoja na mzigo. Mimi naegemea upande wa wapagazi, na nakiri naegemea kwa sababu za ukoo kuliko za isimu: wengi wao walitoka bara, na baadhi ya njia zao zilianzia kwetu.

Sasa ngome, gereza na boma. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha safari kwa msomaji wa jarida hili, maana kuta hizi ni kamusi. Neno ngome ni la Kibantu kwa umbo, liko katika ngeli ya 9 na halisumbui. Neno boma mwanzoni ni uzio, wa miti au wa miiba, unaozunguka mji au zizi. Wajerumani walipojenga vituo vyao wakazungushia ukuta, watu wakaviita boma, na neno likahama kutoka kwenye uzio hadi kwenye serikali iliyokaa ndani ya uzio. Hadi leo Mtanzania akisema anakwenda bomani, hana haja na ukuta, anatafuta mhuri. Kwetu Kongo neno hilo halikupata cheo hicho, kwa kuwa waliojenga vituo walikuwa Wabelgiji na watu wakasema "teritware". (Wala mji wa Boma ulio karibu na mdomo wa mto Kongo usiuingize hapa, ni jina lingine la upande mwingine wa bara.)

Gereza ndilo tamu zaidi, na mahali pa kulieleza ni siku ya pili, ukiwa Mji Mkongwe wa Unguja. Boti za mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua saa mbili hivi. Bei ya mgeni ni ya juu kuliko ya raia, basi ipange mapema kwenye bajeti. Ukishuka bandarini Malindi tembea kusini kando ya maji, utafika Ngome Kongwe, inayotazamana na bustani ya Forodhani. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Ngome hii waliijenga Waomani baada ya kuwaondoa Wareno mwaka 1698, na waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Sasa fuatilia neno. Wanaisimu wengi hulitoa neno gereza katika neno la Kireno igreja, na igreja maana yake ni kanisa. Kanisa la mawe la Wareno, lenye ukuta mnene, likawa katika midomo ya wenyeji jengo lolote la aina hiyo, yaani ngome. Ndiyo maana hata ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza. Kisha ngome zikatumika kufungia watu, hii ya Unguja ikiwemo katika karne ya 19, na maana ikahamia kwa wafungwa. Kanisa, ngome, jela: hatua tatu, na katika Unguja hatua zote tatu zimekaa juu ya kiwanja kimoja. Sijui mfano mwingine wa uhamaji wa maana ambao unaweza kuukalia kwa matako yako. Kwa maana viti vipo: ndani kuna ukumbi wa wazi ambako hufanyika tamasha la Sauti za Busara na lile la filamu.

Nilipokuwa nimekaa hapo nikawaza la kwetu. Uvira tunalijua neno gereza, lakini kijana akikamatwa usiku tunasema wamemtia "ku kasho", kutoka Kifaransa cachot, au "buloko". Gereza tumeliacha kwa redio na mahakama. Hivyo neno la Wareno limepanda milima hadi kwetu, likapewa kiti cha heshima, na kazi ikafanywa na neno la Kifaransa. Ni hivyohivyo kwa forodha. Forodhani ni mahali pa ushuru wa bandari, kutoka Kiarabu furda. Mpakani Kavimvira sote tunasema "duane". Na shule: Unguja utasikia skuli, kutoka Kiingereza, bara la Tanzania shule, kutoka Kijerumani, sisi watoto tulikwenda "ku masomo", na hilo angalau ni letu.

Jioni ni Forodhani. Bustani hujaa meza za mishkaki, pweza, miwa inayokamuliwa na tangawizi, na ile wanayoiita pizza ya Unguja, ambayo ni chapati iliyokunjwa na yai na nyama ndani. Ni pazuri kwa macho, lakini uliza bei kabla hujaonyesha kidole, na samaki aliyekaa muda mrefu kwenye meza mwache akae. Kwa tumbo nakupeleka ndani ya mitaa, kwenye urojo: mchuzi mzito wa manjano, mchachu, ndani yake bajia, viazi, kachori, mishkaki midogo, na juu chipsi za muhogo zilizochomwa vizuri. Bei yake ni ya mwanafunzi. Asubuhi tafuta mkate wa kumimina, unaopikwa kwa mchele na tui, au supu ya pweza. Alasiri kaa barazani unywe kahawa chungu kwa kashata, na usiwe na haraka ya kuzungumza.

Kwenye urojo ndipo lugha yangu iliponitoa uchi. Nilimfikia mama mmoja mtu mzima nikasema kwa heshima kama nilivyolelewa: "Jambo mama, munipatiye sahani moja." Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza: "Mimi na nani, mwanangu?" Kwetu, mtu mmoja anayestahili heshima huitwa kwa wingi, kumwambia mzazi "unipatie" ni kukosa adabu. Kule wingi ni wingi tu, na heshima hukaa mahali pengine: katika shikamoo, ambayo sikuitoa, na katika jina unalomwita mtu. Kwa kosa hilo moja nilikuwa nimeongeza mtu asiyekuwepo na kuondoa salamu iliyotakiwa. Mama akacheka, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kongo. Akasema: "Ndiyo maana Kiswahili chako kimevunjika."

Neno hilo tumelisikia wote. Tumelisikia hata kutoka kwa baadhi ya walimu, na wapo kati yetu ambao wakifika Dar es Salaam hunyamaza au huhamia Kifaransa ili wasilisikie tena. Siku ile ya pili nami nilinyamaza. Nilinunua vitu kwa kunyoosha kidole, katika nchi ambayo lugha yake ni lugha yangu. Kufikia usiku nikaona upumbavu wake. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Ni uamuzi wa watu katika kikao, wenye faida zake, na haukusema kwamba lugha iliyofika Uvira miaka mingi kabla ya kikao hicho ilikuwa chombo kilichodondoka njiani. Wingi wa heshima haukutokana na kuvunjika. Ni kanuni, tena kanuni ya ziada, ambayo Kiunguja hakina.

Asubuhi nikarudi kwa mama yule. "Shikamoo bi." "Marahaba, Mkongo wangu." Nikamweleza habari ya mu-, kwamba sikuona watu wawili, niliona mmoja mkubwa. Akafikiri, akasema ni adabu nzuri. Kisha tukaanza kubadilishana majina ya vyakula na foleni ikawa inatusikiliza. Kisamvu kwetu ni sombe. Wali kwetu nyumbani ni muchele hata ukiwa umeiva. Ugali ni bugali. Dagaa ni ndakala, na hapo kijana mmoja wa Kigoma aliyekuwa amesimama nyuma akaingia, akasema samaki wao migebuka najua ndio ninaowaita mikeke. Ni kweli, samaki ni huyohuyo, ziwa ni hilohilo, kinachotofautiana ni ufuko. Mama akauliza ana ladha gani. Tulishindwa kumweleza, mimi na yule kijana, tukabaki kusema kwamba hana chumvi.

Siku ya tatu ni ya Jambiani au Nungwi kwa kadiri ya mwezi, na sina la kuongeza zaidi ya niliyosema: nenda na daladala ya asubuhi, lala huko kama fedha ipo, jifunike unapopita kijijini kwa kuwa ufuko ni barabara ya watu na njia ya msikitini. Siku ya nne iwe tupu. Hili nalisisitiza kwa wenzangu waliozoea kwamba siku isiyo na kazi ni siku ya hatari. Mimi yangu niliitumia barazani, nikisikiliza wazee wawili wakibishana kuhusu bei ya karafuu, nikiandika vitenzi. Boti ya kurudi ilikuwa alasiri, maji yakiwa yanajaa. Safari hii nilikuwa nimesogeza saa, nikafika mapema mno, nikanunua urojo wa mwisho na kuula juu ya begi langu, nimekaa ukutani nikisubiri.